Injini Mpya Haikimbizwi

Magodoro, jamani! Lori la magodoro lilitupita!

Na sisi tulikuwa ndani ya Nyigu. Kama hujawahi kumwona Nyigu, ngoja nikueleze. Gari la milango miwili, la njano, mistari myeusi ubavuni, limelala chini mpaka ukikaa unahisi lami inakukuna mgongo. Likiwashwa, majirani wanafunga madirisha. Gari lile lilizaliwa likimbie. Halafu linakuja lori limejaa magodoro mpaka juu, limefungwa kamba kama mzigo wa mtu anayehama kwa hasira. Likatukuta, likapiga honi, likatupita. Utingo aliyelala juu ya mzigo akatupungia mkono, kisha akajigeuza upande wa pili aendelee na usingizi wake.

Nikamgeukia dereva.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Na roho haikuumi?"

"Injini mpya," akasema Spana, macho mbele. "Haikimbizwi. Themanini, basi."

Themanini, basi. Huo ndio ulikuwa wimbo wake tangu asubuhi. Mshale wa mwendo ulikuwa umesimama palepale kama umepigiliwa msumari, wakati kwenye ile saa ya mwendo namba zilikuwa zinaendelea mbali huko, zinameremeta, hazina mtu wa kuzitembelea.

Mimi nilikuwa nimeapa sitampa huyu mwanaume hata neno moja safari nzima. Kiapo changu kilikufa getini kwa baba, kabla hata hatujashika barabara.

Baba yangu ana gereji. Kwenye kona ya gereji hiyo nina chumba changu na cherehani yangu kubwa, nashona viti vya magari. Ndiyo maana Spana aliniita Sindano. Zamani alikuwa analitamka hilo jina mpaka nasahau ninachoshona. Sasa hivi akilitaja nasikia ncha tu.

Baba alikuwa amemuuza Nyigu kwa daktari mmoja wa meno, mji uleule anaokaa shangazi yangu. Na kwa shangazi ndiko nilikokuwa natakiwa jioni ile. Kuna mfamasia, jirani yake, mtu mpole, ana duka lake la dawa na meno yake yote. Ndugu zake walikuwa wanakuja kusikia jibu langu la posa. Shangazi alikuwa ameshalijua jibu hilo kabla yangu, na vikombe vya wageni ameshavisuuza.

"Gari si linaenda hukohuko?" baba akasema. "Basi la nini?"

"Baba, niende na Spana? Huyu Spana?"

"Yeye ndiye aliyeifunga hiyo injini. Ikikohoa njiani, nani ataisikiliza? Wewe na sindano yako?"

"Afadhali nitembee kwa mguu."

"Tembea basi. Jibu lako litafika mwakani."

Ndiyo nikaingia. Mkanda nikaufunga kwa nguvu kama namnyonga mtu.

Na hebu niseme ukweli, maana hapa tunaongea: alikuwa amenyoa. Spana! Mtu ambaye ndevu zake zilikuwa zinakusanya vumbi la gereji nzima. Amenyoa, amevaa shati jeupe, mikono ameisugua kwa sabuni ya unga mpaka vidole vimekuwa vyekundu, lakini ule weusi wa oili kwenye kucha umegoma kutoka. Mkono wake ulipohama kwenye gia nikaliona lile kovu la kuungua, hapa juu ya kifundo, ambalo mimi mwenyewe niliwahi kulipaka asali. Nikageuza uso dirishani haraka. Nikaanza kukagua kiti changu, nipate cha kugombea.

Nikakipata. Kwenye mshono, palepale ngozi nyeusi inapokutana na uzi wa njano, palikuwa na chembe.

"Hii nini?"

"Nini?"

"Huu ni mkate! Umekula mkate kwenye kiti changu?"

Akakohoa. "Ndiyo."

"Ngozi nimeishona mpaka macho yanatoka machozi, wewe unaigeuza meza ya chai!"

"Samahani."

"Mkate mtupu au wa siagi?"

"Wa... siagi?"

"Unaniuliza mimi?"

"Wa siagi," akasema, safari hii kwa uhakika, kama mtu anayekiri kosa polisi.

Nikatoa zile chembe moja moja, namrushia mguuni. Hakusema kitu. Hicho ndicho kitu kinachoniua kwa huyu mtu! Ukimpiga neno, analipokea, analiweka mfukoni, anaendelea na safari.

Simu ikalia. Mfamasia: *Umekula?* Nikajibu bado. Muda si muda, nyingine: *Kunywa maji, jua kali.*

Spana akachungulia kwa jicho la pembeni. "Mchumba huyo, au nesi?"

"Ni mtu ambaye akisema atakuja, anakuja."

Hapo akarudisha macho barabarani. Hata Nyigu mwenyewe nadhani alishusha sauti.

Maana wote wawili tulijua nasema nini. Mwaka uliopita, siku ya ndugu zake Spana kuja kwetu kunitolea posa, viti vilipangwa mpaka barazani. Shangazi alisafiri umbali wote huu, amevaa kilemba kipya kinachogusa mlango. Mimi nimeketi chumbani na nguo niliyoishona mwenyewe. Wazee wake wakaja, wakakaa. Yeye hakuonekana. Siku moja kabla alikuwa ameondoka na Nyigu kwenda kwenye mashindano, mji wa mbali, akaniahidi, "Nitarudi kabla chai haijachemka." Chai ikachemka, ikanyweka, ikaisha. Simu yake haipatikani. Wazee wake wakaanza kutazamana, wakaaga kwa sauti ya msibani. Na shangazi, akikunja kilemba chake, akasema neno ambalo mpaka leo nikilala nalisikia: "Mwanaume anayekimbia namna hiyo, mwanangu, anakimbia kitu."

Tukafika kituo cha mafuta. Spana akashuka kunyoosha miguu, kisha akaingia dukani kununua maji. Ufunguo akauacha palepale. Simu ikalia tena, nikajua ni mambo ya maji, kumbe baba.

"Mmeshafika?"

"Tumefika wapi, baba? Ndiyo kwanza tumeipita nusu ya njia."

"Nusu! Mmeharibikiwa?"

"Si hiyo injini yako mpya! Themanini, basi. Tunapitwa na magodoro huku."

Nyuma yake nikasikia nyundo za gereji, kang, kang, kang. Halafu zikatulia, kama amewaashiria mafundi wanyamaze.

"Mpya ya wapi? Hiyo injini nimeizoesha mimi mwenyewe, taratibu, kama mtoto anayejifunza kutembea. Kila siku asubuhi naenda nayo kununua mkate. Yule muuza mkate alifikiri nimeokota dhahabu. Oili ya kwanza tumeshamwaga, kila kitu kimekaa mahali pake. Hapo ilipo, ikamate uipeleke unavyotaka."

Mkate.

"Baba," nikasema polepole, "ulikuwa unakula ndani ya gari?"

"Nani, mimi? Kipande tu. Ile ncha ya mwisho, yenye siagi. Kwani kuna chembe?"

Nilikuwa naangalia kule dukani, mgongo wa lile shati jeupe kwenye foleni.

"Yule bwana kakwambia injini ni mpya?" baba akauliza.

"Ndiyo."

Nikangoja matusi. Baba yangu akikasirika hata magari mabovu yanawaka. Badala yake akavuta pumzi ndefu.

"Mjinga yule," akasema. Lakini alilisema kwa ile sauti yake nyingine, anayoitumia gari lililokufa siku nyingi likikohoa kidogo akaona lina uhai. "Mwambie aangalie oili." Akakata.

Jamani, damu ilinichemka mpaka masikio yakawa ya moto. Kwa hiyo ni uongo! Utingo wa magodoro ananipungia mkono, shangazi anasuuza vikombe, mfamasia wa watu ananihangaikia na maji, kumbe mimi nimetekwa na shati jeupe! Nikaruka nikahamia kwenye usukani. Nikavuta kiti mbele.

Spana akaja na chupa mbili. Akasimama.

"Hapo ni kwangu."

"Ingia."

"Sindano, hiyo injini..."

"Ingia kabla sijakuacha hapa uuze mafuta."

Akaingia. Hakuwa amemaliza kufunga mkanda, nikakanyaga.

Mimi ni mtoto wa gereji. Nilijua kuendesha kabla sijajua kusuka nywele. Nyigu akalia, nakwambia akalia, na mgongo wangu ukabanwa kwenye kiti nilichokishona mwenyewe. Mshale ukaipita themanini kama haujawahi kukaa hapo hata siku moja. Miti ikawa ukuta wa kijani. Chupa ya maji ikamponyoka Spana ikabingirika miguuni.

"Taratibu! Injini..."

"Injini nini? Malizia! Injini nini?"

Akaniangalia. Akaliona lililoko usoni mwangu.

"Mzee amepiga," akasema.

"Amepiga! Anakusalimia sana! Anasema chembe ni zake!"

Akafumba macho. "Nilimwambia afute kile kiti."

"Unafanya mzaha? Umeniibia siku yangu, Spana!"

"Nusu."

"Nini?"

"Nusu siku. Nzima niliogopa."

"Mimi nina wageni! Kuna watu wanavaa viatu sasa hivi kwa ajili yangu! Kwa nini? Nijibu, kwa nini?"

Tukalikuta lori la magodoro, tukalipita kama limeegeshwa. Utingo akaketi wima, usingizi wote umeruka.

"Kwa sababu kwa mwendo huu wako," akasema mwishowe, "ungefika kwa shangazi kabla sijamaliza kukusalimia."

"Na umesema nini tangu asubuhi? Umesema themanini! Nimetekwa nisikilize namba!"

"Nilikuwa natafuta pa kuanzia."

"Mpaka uishiwe mafuta?"

"Nilifikiri pale mbele. Kwenye daraja."

"Daraja gani?"

"Lile lenye kingo nyeupe. Ukipunguza utaliona."

"Sipunguzi."

"Basi utalipita kama nilivyokusudia kulipita mimi."

Sijui kwa nini mguu wangu ulilegea. Daraja likatokea kwenye kona, dogo tu, mto wenyewe umekauka, na upande mmoja wa ukingo rangi imekwanguka.

"Hapo ndipo injini iliponoki, ikafa," akasema. "Siku ile. Injini ilikuwa imefungwa wiki hiyohiyo, sijaizoesha. Kitu cha kwanza alichonifundisha baba yako, kabla hata hajanipa spana mkononi: injini mpya haikimbizwi. Mashindanoni niliilea, niliiendesha kama mgonjwa, nikashika mkia. Wakanicheka. Sikujali. Halafu wakati wa kurudi, nikiwa peke yangu barabarani, nikaanza kuwaza."

"Ukawaza nini?"

"Viti. Nikawaza shangazi yako ameketi kiti cha mbele, anatazama mlango. Nikasema leo sifiki na wageni, leo nitafika kabla yao, anikute nimekaa." Akacheka kicheko kisicho na furaha. "Nikakanyaga. Nilijua, na nikakanyaga. Ikapiga kelele kama sufuria iliyojaa misumari, ikakwama. Simu imekufa. Nikaacha gari hapo, nikatembea, nikidandia lori lolote linalosimama."

Nilikuwa naangalia barabara, lakini sikuiona vizuri. Jua, nadhani.

"Ukafika kesho yake asubuhi," nikasema.

"Unajua?"

"Nilikuona dirishani. Suruali imejaa matope mpaka magotini. Ukabisha."

"Shangazi yako akafungua. Akaniambia umekufa."

"Mimi ndiye niliyemtuma aseme hivyo."

"Najua. Nilikusikia unamnong'oneza."

"Na wewe ukasema nini?"

Akajikuna shingo. "Nilisema... poleni."

"POLENI!" Nikapiga usukani, honi ikalia yenyewe. "Mchumba wako amekufa, unasema poleni, unaondoka! Hata kuuliza anazikwa saa ngapi hukuuliza!"

"Ulikuwa hutaki kuniona!"

"Nilikuwa nyuma ya pazia! Nimeshika kitasa! Nasema atagonga tena, akigonga tena namfungulia, namtukana, tunaanza upya. Wewe ukagonga mara moja. Mara moja, Spana! Hata wauza sabuni wanagonga mara mbili!"

"Nilidhani mtu akikukataa, unamheshimu, unaondoka."

"Sikukwambia uvunje mlango. Nilitaka uongee. Ungesema 'daraja'. Ungesema 'imenoki'. Mimi mtoto wa fundi, ningeelewa! Badala yake ukarudi gereji, ukainama kwenye injini, mwaka mzima naona mgongo wako tu. Ukiniona unasema shikamoo kwa baba."

"Naongea sasa."

"Sasa nina wageni!"

Akaokota chupa ya maji miguuni, akaifuta kwa lile shati jeupe, akaninyooshea, bila kuniangalia.

"Kunywa basi," akasema. "Jua kali."

Nilitaka kumpiga nayo. Nilikunywa.

Na hapo ndipo nilipolifikiria lile jibu. Si la shangazi, langu. Nikajaribu kulisema kimoyomoyo, "nimekubali", nione linavyokaa. Kiti kikishonwa vibaya, ukikiangalia kwa mbali hakina kosa. Ukikikalia ndipo mgongo unakwambia. Mfamasia hakuwa na kosa hata moja. Na mimi nilikuwa nimemshonea jibu kwa vipimo vya mtu mwingine.

Simu ikalia. Shangazi.

"Mko wapi?" Sauti yake ikajaa gari lote. "Hawa watu wanatoka sasa hivi, mama yake ameshajipaka manukato, nayasikia mpaka huku!"

Nikautazama ule mshale. Nilikuwa naweza kufika. Kwa mwendo wa Nyigu, nikiamua kukanyaga, ningefika hata kabla ya manukato yenyewe. Barabara ilikuwa nyeupe mbele yangu, tupu, imenyooka.

Nikainua mguu. Mshale ukashuka. Mia na ishirini. Mia. Tisini. Spana akageuza shingo polepole, kama mtu anayeogopa kumfukuza ndege.

"Shangazi, nitachelewa."

"Utachelewa kiasi gani?"

"Sana. Waambie wasije. Nisamehe kwa vikombe. Mfamasia nitampigia mwenyewe, nimwambie kwa mdomo wangu."

"Umwambie nini? Wewe mtoto, umwambie nini? Gari limekufa? Mwambie huyo mwehu akanyage mafuta!"

"Haiwezekani, shangazi." Themanini. Mshale ukatulia palepale, kama umerudi kwao. "Injini mpya hii. Haikimbizwi."

Nikakata. Nitayalipa hayo, shangazi yangu si mtu wa kukatiwa simu, lakini nikakata.

Spana alikuwa ananitazama mdomo wazi.

"Usicheke," nikamwambia. "Bado nakuchukia."

"Sawa."

"Na usiniambie sawa!"

Nyuma yetu honi ikalia. Lori la magodoro likatukuta, likatupita tena, na utingo safari hii hakupunga mkono. Alitikisa kichwa tu, kwa huruma, kama anayepita msibani.

Tukabaki na vumbi lake. Nyigu anavuma kwa chini, mkono wa Spana uko juu ya goti lake, haujui uende wapi. Halafu nikaona anakunja kidole. Akakipeleka mbele mpaka kwenye dashibodi, akagonga. Ngo.

Nikakaza macho barabarani, nikakunja uso, moyo unanipiga mpaka kwenye meno. Kimya kikawa kirefu. Nikasema moyoni, haya, ndiyo basi, ataurudisha mkono wake, ataniambia poleni.

Ngo, ngo.

"Nani?" nikauliza, kwa ukali.